Buldogi Hana Pumzi ya Kupoteza

Barua za safari hii zimetoka karibu zote Malindi na viunga vyake, na zote ni za buldogi: yule mbwa mfupi, kifua kipana, uso uliobonyea, anayekoroma hata akiwa macho. Ndefu tumezifupisha. Majibu yetu yanarudi mara nyingi kwenye pumzi, kwa sababu kwa mbwa huyu kila gharama na kila maradhi mazito huanzia au huishia hapo.

*

*Asalaam aleikum wataalamu. Dalali mmoja ananiuzia buldogi jike wa miaka miwili kwa shilingi 150,000. Kumpandisha ni 40,000. Daktari niliyempigia simu amenitajia 50,000 za upasuaji wa kuzalisha. Dalali anasema kila mtoto nitamuuza 100,000, na akizaa sita nina laki sita mkononi. Hesabu hii imekaa sawa?*
*Mfanyabiashara, Maweni*

Aleikum salaam, ndugu yetu. Haikukaa sawa. Dalali amekosea idadi ya watoto, ameruka matumizi mengi, na hakukwambia jike huyo atazaa mara ngapi maishani.

Buldogi kwa kawaida huzaa wanne au watano. Sita hutokea, lakini usimpangie bajeti. Kati ya hao, mmoja aweza kuzaliwa na kaakaa lililopasuka, au amevimba maji mwili mzima, kasoro ambazo buldogi anazo zaidi ya mbwa wengi. Mwingine hulaliwa na mama yake. Kwa mtu anayeanza, panga watatu wa kuuza. Wakizidi, shukuru.

Sasa matumizi. Tumechukua bei zako, na palipokosekana tumeweka makadirio. Wewe badilisha kwa bei utakazopewa. Kabla ya kupandisha, jike apimwe pumzi, asikilizwe moyo, apigwe eksirei ya nyonga na uti wa mgongo, na damu yake ipimwe homa ya kupe: weka 30,000. Siku ya kupandisha haikisiwi kwa macho. Hupimwa homoni ya projesteroni kwenye damu, kuanzia siku ya tano hivi tangu aanze kutoa damu, kila baada ya siku mbili. Ikifika nanogramu 5 kwa mililita, mayai yanatoka, na siku mbili baadaye ndio wakati wa dume. Vipimo vinne vya 5,000 ni 20,000. Dume ni 40,000 zako, na uliza kama ndani yake mna uhimilishaji, yaani kumtia jike mbegu kwa mkono wa daktari, maana buldogi wengi hawawezi kupandana wenyewe: dume huishiwa na pumzi kabla ya kazi kwisha. Ultrasaundi siku ya 28 hadi 30, na eksirei ya kuhesabu watoto baada ya siku ya 55, weka 10,000. Upasuaji 50,000, na juu yake 20,000 za dharura, kwa sababu bei uliyotajiwa ni ya mchana wa siku ya kazi na uchungu hauangalii saa. Hapo tayari ni 170,000.

Halafu nyumba. Kiyoyozi kidogo cha saa kumi kwa siku, yuniti 0.8 kwa saa, kwa shilingi 30 yuniti moja, ni 240 kila siku. Wiki tisa za mimba na nane za kulea ni siku 119, yaani 28,560. Chakula cha mama, kilo 60 kwa muda huo wote kwa shilingi 600, ni 36,000. Anayenyonyesha hula mara mbili hata tatu ya kawaida yake. Maziwa ya unga, dawa za minyoo, chanjo ya kwanza na chakula cha watoto watano hadi wiki ya nane, 40,000. Msaidizi wa usiku kwa siku 21, elfu moja kwa usiku, 21,000. Jumla yote ni 295,560.

Watoto watatu wakiuzwa, unapata 300,000. Umebaki na shilingi 4,440, na bado hujarudisha 150,000 za kumnunua mama.

Utasema atazaa tena. Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosajili mbwa huko, tangu mwaka 2012 haisajili watoto wa jike aliyekwisha kupasuliwa mara mbili, na sisi tunaona kipimo hicho ni cha haki: kila upasuaji huacha kovu kwenye tumbo la uzazi, na kila nusu kaputi ni hatari mpya kwa mbwa mwenye koo jembamba. Kwa hiyo una mizao miwili ya kulipia kila kitu. Ni kweli, wakipona watano na wakauzwa wote, mzao mmoja utakuachia kama laki mbili. Lakini upande wa pili ni mama kufia mezani, ukabaki na deni na watoto wa kunyweshwa chupa usiku na mchana. Kama lengo ni biashara tu, fedha yako iweke penginepo. Kama unampenda mbwa huyu na una akiba ya 300,000 usiyoihitaji kwa ada wala kodi, basi anza kwa kumpima pumzi kabla ya kumlipa dalali.

*

*Nimeonyeshwa picha za buldogi wa rangi ya samawati, na mwingine wa madoa kama marumaru. Bei yao ni mara mbili. Inafaa?*
*Kijana wa Ngala*

Usilipie rangi. Samawati ni weusi uliofifishwa, na baadhi ya mbwa wa rangi hiyo hupukutika manyoya na kushikwa na maradhi ya ngozi. Juani kwetu huo ni mzigo. Madoa ya marumaru ni hatari zaidi: ukipandisha wawili wenye rangi hiyo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi pande zote mbili, na huyo huelekea kuzaliwa kiziwi, kipofu, au vyote viwili. Ulizia tundu za pua. Rangi haimsaidii mbwa kupumua.

*

*Mimi ni mtunza nyumba Casuarina. Mwenye nyumba yuko Italia na ameniachia buldogi jike mwenye mimba. Alipandwa tarehe 3 na tarehe 5. Nimwite daktari lini? Jirani ananiambia mbwa huzaa mwenyewe, na akichelewa kuna sindano ya kusukuma.*
*Mtunza nyumba*

Bwana mtunza nyumba, umefanya vyema kuandika mapema. Jirani yako asema kweli kwa mbwa wa mtaani. Kwa buldogi, utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 ulionyesha kuwa zaidi ya mizao 80 kati ya 100 ilitolewa kwa upasuaji. Kichwa na mabega ya mtoto ni mapana, nyonga za mama ni nyembamba, na kusukuma kwahitaji pumzi ambayo mama hana. Ukimwacha azae mwenyewe, huenda ukapoteza watoto, au mama, au wote.

Sindano hiyo ni oksitosini. Hulibana tumbo la uzazi kwa nguvu. Mtoto akiwa amekwama, tumbo linasukuma mlango uliofungwa, na laweza kupasuka. Asichomwe na mtu yeyote ila daktari aliyekwisha kuhakikisha kuwa njia iko wazi.

Mpigie daktari wa mifugo leo, usingoje uchungu. Mwulize kama amewahi kuzalisha mbwa wa uso bapa. Mwulize kama ana oksijeni, na mpira wa kupumulia wa kutosha koo la buldogi, ambao mara nyingi huwa mdogo kuliko unaotazamia kwa mbwa wa kilo 23. Mwulize atamlaza kwa dawa gani. Propofoli ya kumlaza na isoflureni ya kuvuta ndizo tunazozitaka. Zailazini, inayotumika sana kwa ng'ombe, hutuliza pumzi na moyo wa mama, hupita hadi kwa watoto, nao hutoka wamelegea wasilie. Ukisikia jina hilo, omba kwa adabu njia nyingine, na kama haipo, tafuta daktari mwingine wakati ungali na siku. Hakikisha pia amesajiliwa na Kenya Veterinary Board.

Muda wa mimba unahesabiwa vizuri kwa siku mayai yalipotoka: siku 63. Tarehe za kupandwa hudanganya, kwa sababu mbegu za dume huishi siku kadhaa ndani ya jike, na uzazi waweza kuangukia popote kati ya siku ya 57 na ya 72. Kwa kuwa hukupewa tarehe ya projesteroni, anza siku ya 57 kuanzia ile tarehe 3. Mpime joto kwenye tundu la nyuma kila baada ya saa nane, uandike. Kawaida ni nyuzi 38 na kitu. Likishuka chini ya 37.2, uzazi uko ndani ya saa 12 hadi 24: huo ndio wakati wa kuondoka. Daktari akiweza kupima projesteroni siku hizo, ni bora zaidi. Ikishuka chini ya nanogramu 2, watoto wamekomaa na upasuaji haungoji.

Akitoa maji ya kijani kibichi au meusi kabla ya mtoto yeyote, kondo la nyuma limeachia. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto, amekwama. Hali zote mbili ni za kukimbia saa hiyohiyo.

Kama daktari wako yuko Mombasa, ni kilomita 120 hivi. Safiri usiku au alfajiri, gari lenye kiyoyozi kilichopozwa kabla hajapanda, na usimlishe chakula kizito. Mwambie mwenye mbwa akutumie leo idhini ya upasuaji kwa maandishi, na fedha ziwe kwenye simu yako tayari. Saa nane za usiku si wakati wa kungojea ujumbe wa Italia.

Jambo moja lililosahauliwa na wengi hapa kwetu: kupe. Malindi kupe wa mbwa hawana likizo. Homa wanayoiambukiza hupunguza vigandisha damu, na mbwa aonekanaye mzima nje aweza kuvuja damu mezani bila kukoma. Kipimo cha damu wiki moja kabla ya upasuaji kitamwonyesha daktari hali hiyo.

Ndani ya chumba cha upasuaji, mama apewe oksijeni puani dakika tano kabla ya kulazwa. Mkono mmoja uwe tayari kwa kila mtoto au wawili: kumfuta pua na mdomo, kumnyonya makamasi kwa kipira, kumsugua kwa taulo kavu mpaka alie. Usimshike miguu ukamzungusha hewani kama wafanyavyo wengine. Ubongo wake huweza kuvuja damu. Mpira wa koo wa mama usitolewe mpaka awe macho kabisa na kuutafuna. Dakika zinazofuata baada ya kuutoa ndizo zinazoua buldogi wengi wa upasuaji, kwa hiyo akae kifudifudi, shingo imenyooka, na mtu amtazame bila kuondoka.

*

*Nilimtembeza buldogi wangu ufukweni Silversands saa tatu asubuhi, mwezi wa Februari. Ulimi ukawa zambarau, akaanguka. Nilimfunika taulo la maji baridi na barafu, nikamkimbiza kwa daktari. Amepona, alhamdulillahi. Nilikosea wapi?*
*Mama Salma, Shela, Malindi*

Alhamdulillahi, Mama Salma. Kosa la kwanza ni saa. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, hewa ikipita juu ya ulimi na puani. Buldogi ana pua fupi, kaakaa laini refu linaloziba koo, na unyevu wa kaskazi haukaushi ulimi. Anahema kwa nguvu, misuli ya kuhema yenyewe inazalisha joto, koo linavimba, hewa inazidi kupungua. Kwa Februari hadi Aprili, kutembea ni kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dakika kumi, kwa kamba ya kifuani badala ya ile ya shingoni. Mchana kutwa akae ndani. Nyumba ya kuta za matumbawe na dari ya makuti humsaidia sana. Chumba cha mabati humuua.

La pili ni taulo. Taulo likilazwa juu ya mbwa hushika joto lake dakika mbili tu, kisha linakuwa blanketi. Mmwagie maji mfululizo mwili mzima, hasa tumboni, na feni impepee. Maji yoyote yaliyo baridi kuliko mwili wake yanafaa, lakini angalia bomba: tangi jeusi la juu ya paa mchana hutoa maji ya moto. Chota kisimani au kwenye mtungi.

La tatu ni kukimbia kabla ya kupoza. Poza kwanza, safirisha baadaye. Joto lililopita nyuzi 41 linaharibu figo, ini na utumbo kila dakika. Likishuka hadi 39.5 acha kumwagia, mpeleke. Na hata akisimama na kutikisa mkia, damu ipimwe siku hiyo na kesho yake, kwa sababu figo hazilalamiki mapema.

Kwa wanaozalisha: buldogi hupata joto la uzazi takriban kila miezi sita au saba. Likiangukia Desemba au Januari, miezi miwili ya mimba inaishia kwenye kilele cha kaskazi. Liache lipite. Mtoto wa Julai, upepo wa kusi ukivuma, hamgharimu mama yake pumzi nyingi hivyo.

*

*Buldogi wangu alipasuliwa akatoa watoto wanne. Wawili wamekufa siku ya tatu na ya nne. Waliobaki wanalia usiku kucha, wananyweshwa maziwa ya ng'ombe. Feni ipo juu yao muda wote kwa ajili ya joto.*
*Mfugaji wa Gede*

Pole sana, ndugu. Anza na feni: izime sasa, au ielekeze ukutani.

Hapa ndipo watu wengi wa pwani hukwama. Mama na watoto wanataka hewa mbili tofauti. Mama anataka nyuzi 24. Mtoto wa wiki ya kwanza hawezi kutetemeka wala kujipasha. Anataka 29 hadi 32. Feni inayompendeza mama inamwibia mtoto joto, utumbo wake unasimama, maziwa yanachacha tumboni, naye anakufa siku ya tatu au ya nne akiwa ameshiba. Watenganishe. Mama kwenye chumba cha baridi, watoto kwenye boksi lao, chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa kwenye kona moja tu, ili anayeona joto aweze kusogea mbali. Kila saa mbili wapeleke kwa mama, ukae hapo mpaka wamalize kunyonya, uwarudishe. Hili pia huzuia kulaliwa: buldogi ni mzito, hamsikii kwa urahisi mwanawe akilia chini ya kifua, na yule aliyepasuliwa wakati mwingine hajui kuwa hao ni wanawe. Boksi la kunyonyeshea liwe na ubao wa pembeni ulioinuka sentimita kumi kutoka sakafuni, mtoto apate upenyo wa kujificha. Na miguu ya boksi isimame ndani ya mikebe ya maji. Siafu wa Gede unawajua.

Sasa maziwa. Ya mbwa yana protini asilimia 7 hadi 8 na mafuta kama asilimia 9. Ya ng'ombe yana kama 3 na nusu kwa kila kimoja. Mtoto anajaza tumbo na kubaki na njaa, ndiyo sababu wanalia. Tafuta maziwa ya unga ya watoto wa mbwa, na uyachanganye kama kopo linavyosema, usiyazidishe uzito.

Kipimo cha wiki ya kwanza ni mililita 20 kwa kila gramu 100 za mwili kwa siku. Mtoto wa gramu 300 anapata 60, ukizigawa mara nane, mililita 7 au 8 kila mara. Usipitishe mililita 4 kwa gramu 100 kwa mkupuo mmoja, tumbo halibebi. Alale kifudifudi anaponyweshwa, kama anavyonyonya kwa mama. Ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yanaingia mapafuni. Na kabla ya chupa, mpime joto: akiwa chini ya nyuzi 35, usimpe kitu. Mpashe kwanza polepole, saa moja au mbili, ukimweka kifuani mwako ndani ya kanga. Akipata joto ndipo anyonye.

Kila baada ya kunyonya, pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu ipitishwe chini ya mkia na tumboni mpaka akojoe. Mama angelamba, wewe unafanya badala yake, hadi wiki ya tatu.

Mizani ya jikoni ya gramu ndiyo daktari wako wa nyumbani. Wapime asubuhi na jioni, uandike. Anayekwenda vizuri huongeza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa kuzaliwa kila siku. Asiyeongezeka siku nzima yuko hatarini, na anayepungua ni wa daktari leo, hata kama anaonekana mnene. Mulika kurunzi mdomoni mwa hao wawili: maziwa yakitoka puani, huenda kaakaa limepasuka, na hata ufa mdogo nyuma kabisa hupitisha maziwa mapafuni.

Na kwa mzao ujao, kama upo: dang'a. Yale maziwa mazito ya mwanzo yana kinga, na utumbo wa mtoto huipokea katika saa 24 za kwanza tu, nyingi yake katika saa chache za mwanzo. Mama akiwa bado na usingizi wa dawa, mkamue, watoto wapewe matone. Dawa ya minyoo ianze wiki ya pili, kila baada ya wiki mbili hadi ya nane. Chanjo ya kwanza kati ya wiki ya sita na ya nane, irudiwe kila wiki tatu au nne hadi ya kumi na sita. Ya kichaa cha mbwa wakifika miezi mitatu.

*

*Nafanya kazi kwenye nyumba yenye buldogi wawili. Makunyanzi ya uso yananuka na nimeambiwa nipake mafuta ya nazi. Pia udenda wao unanirukia, nami ni Muislamu wa kuswali.*
*Dada wa Barani*

Dada yetu, mafuta ya nazi ni mazuri kwa mengi, si kwa hili. Mikunjo inanuka kwa sababu ya unyevu na vijidudu, na mafuta hufunika unyevu ndani. Kila siku fungua mkunjo kwa vidole viwili, futa kwa pamba yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, iliyopunguzwa kama daktari alivyoelekeza, mbali na macho, kisha kausha kwa kitambaa kingine. Kukausha ndiko kunakoponya. Usisahau mfuko ulio chini ya mkia wa msokoto. Huko hufichika kidonda mpaka mbwa anaanza kusugua nyuma sakafuni. Utafiti wa Royal Veterinary College wa mwaka 2022 uliona buldogi wana nafasi mara 38 zaidi ya mbwa wengine ya kupata maradhi ya mikunjo ya ngozi, kwa hiyo si uzembe wako.

Kwa upande wa afya, glavu na nguo maalumu za kazi, zinazobaki hapo kazini na kufuliwa peke yake, zinatosha. Mwombe mwajiri wako akununulie, ni haki. Suala la twahara na namna ya kuosha, muulize sheikh wako wa mtaa. Kuwa na seti mbili za nguo kutakurahisishia hilo pia.

*

*Nimeshanunua dume wa miezi 14, anakoroma akilala na akila hutapika povu. Daktari anasema pua na koo zipasuliwe. Akishapona naweza kumtumia kupandisha?*
*Mfugaji, Muyeye*

Mpasue, bwana. Usimpandishe.

Tundu za pua zikiwa kama mkato wa kisu badala ya koma pana, hewa huvutwa kwa nguvu, koo hunyonywa ndani, na nguvu hiyohiyo huvuta tindikali kutoka tumboni. Povu analotapika na kukoroma kwake vyatoka mahali pamoja. Daktari atapanua tundu, atapunguza kaakaa laini linaloziba njia, na ataangalia vifuko vya kooni vilivyovutwa nje. Ukifanya mapema, kabla koo halijalegea, mbwa hupata usingizi ambao hajawahi kuupata. Lakini kisu hakigusi mbegu. Watoto wake watarithi pua ile aliyozaliwa nayo, na mnunuzi atakayemwona baba anapumua vizuri atadanganyika.

Kwa wasomaji ambao bado hawajanunua, kipo kipimo kilichotengenezwa na Chuo Kikuu cha Cambridge na kutumiwa na Kennel Club ya Uingereza tangu 2019. Mbwa awe ametimiza mwaka. Daktari husikiliza koo lake kwa kifaa cha masikioni akiwa ametulia, kisha mbwa hukimbizwa mwendo wa troti dakika tatu, halafu husikilizwa tena. Daraja 0 hana tatizo, daraja 3 hapaswi kuzalishwa kabisa. Huku kwetu kifanyike alfajiri au chumbani penye kiyoyozi. Muuzaji akikataa dakika tatu hizo kwa kusema mbwa wake atachoka, amekwisha kukujibu.

Na wako, kabla ya siku ya upasuaji mpunguze uzito mpaka mbavu zisikike chini ya vidole bila kubonyeza. Mafuta ya shingoni huziba njia ileile unayotaka kuifungua. Chagua miezi ya kusi. Mwulize daktari kuhusu dawa ya kupunguza tindikali siku chache kabla, ili asitapike akiwa amelala. Ukishakubaliana naye tarehe, mwombe amhasi katika nusu kaputi hiyohiyo, asije akalazwa mara ya pili.